Karo Zilizokunywa Maji

Jumanne hiyo Masika aliamka nyumbani kwa dada yake Butembo, akanywa chai, akajifunga kitenge cha pili juu ya sweta maana baridi ya Butembo haimwonei huruma mtu aliyezoea joto la Beni, kisha akatoka kwenda kuchagua karo, yaani vigae, za bwawa la kuogelea.

Ndiyo, bwawa la kuogelea. Mwaka ulikuwa 2001. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande vipande, kila kipande na wakubwa wake na mihuri yake, watu wa Manguredjipa wanakimbia na magodoro vichwani, na Onésime, mume wa Masika, mwenye malori matatu, anachimba shimo nyuma ya nyumba. Mfanyabiashara mwenzake alikuwa amejenga ghorofa, na tangu siku ile Onésime alikosa usingizi.

“Ghorofa kila mutu anajenga,” alisema. “Lakini pisini, ni nani iko nayo hapa Beni?”

Hakuna aliyekuwa nayo. Yeye mwenyewe hakujua hata kuelea. Karo alizoagiza Dubai zilifika mpakani Kasindi, na wenye bunduki wa pale wakazipenda kuliko yeye. Ndipo akamtuma mkewe Butembo akatafute nyingine. “Weye njo unajua kuchagua rangi,” alimwambia.

Hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma Masika moyoni, kwa sababu rangi ya mwisho aliyoichagua ilikuwa ya kaburi. Mwisho wa mwaka 1996, askari waliokuwa wakikimbia mapigano walipita Butembo wakipora hata milango. Masika na Onésime, waliokuwa wakiishi huko wakati ule, walikimbilia mlimani na mtoto wao wa kwanza, Bénite, wa miaka mitano, na Hulda akiwa bado mgongoni. Huko mlimani Bénite akashikwa na homa. Hapakuwa na dawa. Walimzika Butembo, na mwaka uliofuata wakalifunika kaburi lake kwa karo za buluu ya mbinguni, mvua isije ikala udongo. Kisha wakahamia Beni. Watu wakaacha kumwita Mama Bénite, wakamwita Mama Hulda. Onésime akakataza jina la marehemu lisitajwe ndani ya nyumba, Hulda asije akakua na huzuni isiyo yake. Barabara nayo ikajaa mashambulizi, na miaka miwili ikapita Masika hajalitia jicho kaburi la mwanawe.

Fundi aliyekwenda naye sokoni siku hiyo ndiye aliyelifunika kaburi lile. Jina lake Malachie. Hakuwa fundi wa bafu wala wa jikoni. Butembo yote ilimjua kwa makaburi. Alikuwa na desturi yake mwenyewe iliyowafariji watu: karo ya mwisho haibandiki yeye. Humpa mtu wa karibu na marehemu, humwambia abonyeze kidole gumba katika simenti mbichi mgongoni mwa karo, kisha aibandike kwa mkono wake. “Ule mwenye analala ajue ni nani amemufunika,” ndivyo alivyosema. Kidole gumba cha Masika, chenye kovu la jembe katikati, kilikuwa kimebaki chini ya karo ya Bénite.

Mwenye depo, ghala la vifaa vya ujenzi, mtu wa kuchekacheka, aliwaonyesha mali yake. Palikuwa na mawe ya mtoni, mazuri, ila yangemchubua Hulda magoti. Palikuwa na rangi ya kupaka juu ya simenti, ambayo mvua mbili tu zingeibambua. Halafu palikuwa na karo: nyeupe, za waridi, nyeusi za ukingoni, na rundo moja la buluu ya mbinguni. Za kukanyagia pembeni vilikuwapo vibao vizito vya granito, upande mmoja laini, upande wa pili umechongwachongwa kwa patasi.

“Zinatoka ku villa moja ya Goma,” alisema mwenye depo. “Bomu iliangukaka pale. Tulibomoa polepole, hakuna hata moja ya kupasuka.”

Malachie aliokota karo ya buluu, akaigeuza, akadondosha tone la maji mgongoni mwake. Ndivyo mafundi wanavyopima: karo ya bwawani inatakiwa kulikataa tone, likae juu. Hili halikukaa. Likazama. Akadondosha la pili, likazama kabla hajaondoa kidole. La tatu lilizama kwa sauti. Sauti ndogo, ya mdomo unaofyonza.

Malachie akajifuta mkono kwenye suruali. Akaufuta tena.

“Mama Hulda,” alinong'ona, “hii karo inakunywa. Tuiache.”

Masika hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akiitazama ile buluu. Ilikuwa ile ile aliyoichagua kwa ajili ya Bénite, na moyo wake ukamwambia: kama barabara inakuzuia kwenda kaburini, basi utakuwa na rangi yake uwanjani kwako, uitazame kila asubuhi. Lori lilikuwa linaondoka saa sita. Angeweza kukimbia mara moja makaburini, ni mwendo wa nusu saa tu. Badala yake alisimama pale akihesabu karo.

“Ile rangi njo nilipendaka,” alisema. “Bapakie.”

Malachie aliteremka Beni naye. Asubuhi ya kwanza alisimama ndani ya shimo tupu akiwa na kamba mkononi, akainua macho.

“Mama, kichwa iko wapi?”

Masika alicheka. “Pisini haina kichwa, Malachie!”

“Najua, mama. Lakini na karo hizi, mukono yangu inakataa kuanza bila kichwa.”

Basi, ili mzee wa watu afanye kazi, Masika akanyoosha kidole kuelekea upande wa maji mafupi, karibu na mlango wa jikoni, mahali Hulda angekuwa akiingilia. “Weka hapa,” alisema. Malachie akafunga kamba yake pale, akaanza. Wiki tano alifanya kazi bila kuimba, yeye ambaye kanisani huwa wa kwanza kuanzisha wimbo.

Siku ya mwisho ikabaki karo moja, ya buluu, pale pale kwenye kichwa, juu kidogo ya mahali maji yangefika. Ilikuwa na kipande cha simenti ya zamani mgongoni kilichokataa kung'oka kwa patasi. Onésime alikuwa amemwita mpiga picha.

“Hulda njo atafunga!” alipaza sauti.

“Papa Hulda, hapana mutoto,” alisema Malachie. “Tafazali. Miye mwenyewe nitaifunga.”

“Mutoto ni wangu, na pisini ni yangu.”

Hulda, miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo, akabonyeza kidole gumba chake katika simenti mbichi kama alivyoona wengine wakifanya kwa mchezo. Akaibandika karo. Watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Malachie alibeba mfuko wake akaondoka, na sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyopikiwa, ikabaki mezani.

Maji yaliletwa kwa lori kutoka mtoni. Wiki ya kwanza yalikuwa safi, Onésime akazunguka bwawa lake mikono nyuma kama bwana mkubwa. Wiki ya pili yakaota ngozi.

Ilikuwa mafuta. Rébecca, mpishi wa nyumba ile, aliyaengua kwa kifuniko cha sufuria, na kesho yake yakawa yamerudi, mazito, yakiganda kando kama mchuzi uliolala. Wakamwaga javeli, dawa ya kutakasia maji, dumu zima. Harufu ya javeli ikakaa saa moja, kisha chini yake ikapanda ile nyingine: harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chombo, na baadaye, jua lilipopanda, harufu ya nyama ya jana. Kisha maungio ya karo yakaanza kutoa kitu. Kitu cheupe cha kijivu, laini, kilichotoka taratibu katikati ya karo na karo. Rébecca akakikwangua kwa kisu. Kilikuwa na utelezi wa sabuni, kikaingia chini ya kucha zake. Alikinusa, akatapika palepale, na kwa wiki nzima hakuweza kusonga foufou, ugali wa muhogo, bila kugeuza uso pembeni.

Onésime hakutaka kusikia. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Wanaume wakavua viatu, wakakaa ukingoni juu ya vile vibao vya granito, miguu ndani ya maji, wakimsifu mwenyeji. Mmoja wao, yule mwenye ghorofa, akaingia mzima mzima ili aonyeshe kwamba yeye anajua kuogelea. Akanywa funda. Akaanza kukohoa. Akatia vidole viwili kinywani, akavuta unywele.

Alicheka mwanzoni. Alivuta, unywele ukaendelea kuja. Mweupe. Mrefu. Akavuta tena, ukaja mwingine, na mwingine, mpaka likatoka fundo zima, limesukwa kwa uzi mweusi namna bibi zetu walivyokuwa wakisukwa zamani. Hakucheka tena.

“Ni ya mupishi,” Onésime alisema upesi.

Rébecca alikuwa amesimama pale na sinia la ndakala, dagaa wa kukaanga. Wote wakamtazama. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

Lakini hayo yote Masika angeyavumilia, maana aibu ya mume huvumilika. Kilichomvunja ni vidole vya Hulda. Mtoto akitoka majini vidole hunyauka, kila mzazi anajua, na baada ya muda hunyooka. Vya Hulda havikunyooka. Jioni ya Jumapili ile, baada ya kuogelea, vilikuwa vimenyauka. Jumatatu shuleni bado. Alhamisi vilikuwa vyeupe, vimevimba, vimekunjamana mpaka kwenye kiganja, na kalamu ikawa inamteleza. Mkate aliokuwa akishika ulilowa. Masika alivifuta kwa taulo, akavibana, na maji yakatoka. Alivinusa vidole vya mwanawe mwenyewe, akavisukuma mbali, kisha akajichukia kwa kuvisukuma.

“Hutaingia tena mule,” alisema. “Umesikia?”

“Mama, lakini anasema iko na baridi peke yake.”

“Nani?”

“Ule mwenye iko ku chini. Anauliza Mama Bénite iko wapi.” Hulda alimtazama mama yake kwa utulivu. “Mama, Mama Bénite ni nani?”

Masika aliweka taulo chini. Alitoka nje. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, kuku wakikwaruza taka, jirani akitwanga. Alisimama kwenye kichwa cha bwawa, pale pale alipokuwa amenyoosha kidole. Karo moja ikabanduka mbele yake. Haikuanguka. Ilishuka polepole ukutani, ikasimama kwenye ukingo wa maji, ikamngoja.

Aliiokota, akaigeuza. Mgongoni, katika simenti mpya, palikuwa na shimo dogo la kidole gumba cha Hulda. Pembeni yake, katika kile kipande cha zamani kilichokataa patasi, palikuwa na shimo jingine, kubwa zaidi, na katikati yake mstari ulionyooka. Masika akaweka kidole gumba chake ndani. Kikaingia sawasawa. Kovu likakaa juu ya kovu.

 Alimwita Rébecca, wakachukua chuma, wakainua kibao kimoja cha granito, kile ambacho wageni walikikalia. Upande wa chini, ule uliochongwa kwa patasi, bado maneno mawili yalisomeka: KWA AMANI. Rébecca akaanza kusugua nyayo zake kwa mchanga, akimlilia Mungu, “Nyamuhanga wee, na miguu yangu, na miguu yangu.”

Masika aliyasoma tena maneno yale. Watoto wa watu, mama za watu, wamevuliwa karo zao wakauzwa, na yeye amewachagua kwa rangi. Amemwogesha mwanawe ndani yao. Amewanywesha wageni.

Onésime alipofika, alianza na neno lake la siku zote. Watu watacheka. Yule wa ghorofa atasema nini?

“Ingiza mukono ku tundu ya maji,” Masika alimwambia. “Weye mwenyewe.”

Akaingiza, ili amwonyeshe kwamba ni majani tu. Mkono ukazama mpaka kiwiko. Ulipotoka ulikuwa umejaa nywele na kile kitu cha kijivu, na katikati yake kishikizo cha nywele cha plastiki, cha waridi, umbo la kipepeo. Yeye ndiye aliyekinunua. Yeye ndiye aliyemvisha Bénite siku ya kumlaza. Onésime alitapika juu ya viatu vyake, kisha, bila kuambiwa, akafungua maji yote yaende.

Walizing'oa karo siku tatu, wakazipakia kwenye lori moja, zote, na vibao. Hulda walimfunga blanketi wakampakata mbele. Safari nzima suruali ya Onésime ilikuwa imelowa pale vidole vya mtoto vilipolala.

Makaburini Butembo hapakuwa na rangi tena. Kaburi baada ya kaburi, simenti tupu ya kijivu yenye alama za miraba. Malachie alikuwa ameketi kando ya lile la Bénite, ndoo ya maji na mfuko wa simenti miguuni. Hakuna aliyempelekea habari.

“Nilijua tangu ile tone ya maji kama ni karo za makaburi,” alisema bila kuinua macho. “Batoto yangu walikuwa na njala, mama, nikakubali kazi. Nilijaribu kukuuliza. Nilikuuliza kichwa iko wapi. Ukanionyesha.”

Masika alitema mate chini. Alitaka kumtukana, akajizuia, kwa sababu kidole kilichonyooshwa kilikuwa chake. “Fanya kazi,” alimwambia.

Karo za wengine wakazirundika kando, wenyewe waje kuzitambua. Za buluu zilirudi mahali pake moja moja, mpaka ikabaki ile ya mwisho. Malachie akaishika, akatazama mgongo wake, hakuibandika.

“Kaburi bila karo yake ya mwisho haijafungwa,” alisema. “Lazima irudi. Lakini kidole ya Hulda iko ndani. Tukiifunga hivi, tunamufunga na yeye.”

“Ondoa kidole yake basi!”

Malachie akaweka patasi kwenye simenti mpya, akagonga kidogo. Kwenye lori, hatua ishirini kutoka pale, Hulda alipiga ukelele, akauficha mkono kwapani. Malachie akaitupa patasi.

 Upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Hulda alikuwa akilia, na chini ya karo hizo kulikuwa na mwingine ambaye naye alikuwa mtoto. Masika akachota simenti mbichi kwa mkono, akaipaka juu ya alama ya Hulda mpaka ikafunikwa. Akabonyeza kidole gumba chake juu yake. Akabonyeza kwa nguvu zote, mpaka kwenye mfupa.

“Mama Bénite njo miye,” alinong'ona. “Niko hapa. Wacha mudogo yako.”

Ndani ya simenti, kitu kikakishika kidole chake. Kilikuwa laini. Kilikuwa kimelowa. Kilifyonza mara moja, kikaachia. Akaibandika karo.

Walipofika Maboya, njiani wakirudi Beni, Hulda aliomba mkate. Aliushika, na mkate ukabaki mkavu. Onésime alilia kama mtoto. Masika aliificha mikono yake ndani ya kitenge.

Shimo lilifukiwa, leo ni bustani ya mboga, na ukoo ule hauli mboga zake. Waliosali na Masika walijua kwamba hampi mtu mkono wa kulia. Kwa miaka mingi tangu siku ile kidole gumba chake hakikukauka: cheupe, kimevimba, kimekunjamana, kinadondosha. Kitabu chake cha nyimbo kilivimba upande mmoja, kurasa zikajaa madoa ya rangi ya chai, na dada wa kwaya waliokaa karibu naye walivuta pumzi polepole, kwa adabu, wasinuse. Alikifunga vitambaa, akakipaka dawa, akakizoea. Alisema ni haki yake.

Hulda alikua, akaolewa, akapata mtoto wa kike. Mtoto alikataa ziwa siku mbili. Siku ya tatu Masika akampakata kwa mkono wa kushoto, kama kawaida yake, akaimba, akasahau kidogo. Mtoto akageuza kichwa, akakitafuta kile kidole gumba cha kulia, akakitia kinywani, akanyonya. Akanyonya kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, akatulia kabisa. Hulda alicheka kwa furaha. Masika alipokichomoa, kidole kilikuwa kikavu. Kikavu na cheusi na kizima, kovu lake katikati.

Hakufurahi. Alikifungua kiganja cha mjukuu wake, akatazama vidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vimekunjamana. “Batoto wachanga wote iko vile, mama,” Hulda alimwambia. “Ngozi itanyooka, wiki moja tu.”

Mtoto ana miezi saba sasa, na Masika bado humkausha vidole kwa taulo.